Samurai wa Japani: asili yao, mwisho wao, na urithi ulioandikwa nyuma yao

Vijana wetu wa hapa wanalifahamu neno samurai. Wamelisikia katika filamu za video, na wengine wanafanya judo au karate mara mbili kwa juma, wakiinama mbele ya mwalimu wao kwa heshima yote. Ukiwauliza samurai ni nani, watakujibu: ni mtu wa upanga, haogopi kufa, hasemi uongo, hamwachi bwana wake. Jibu hilo si uongo mtupu. Lakini tukilichunguza kwa njia ya historia, tunaona ya kwamba sehemu kubwa yake iliandikwa na watu ambao hawakupigana vita hata siku moja. Na kwa kuwa kitabu chetu hiki kinashughulika na mila, na pia na namna mila zinavyopokewa na kuandikwa, tumeona ni vizuri kuuchukua mfano huu wa mbali na kuufuata tangu mwanzo.

Tuanze na neno lenyewe. Samurai linatoka katika kitendo cha kale cha Kijapani chenye maana ya kutumikia, kukaa karibu na mkubwa ukingojea amri yake. Kwa hiyo samurai, mwanzoni, alikuwa mtumishi tu. Mpiganaji anaitwa bushi. Katika karne ya 10 mpaka ya 12, wakubwa wa jumba la mfalme mjini Kyoto walipenda mashairi na sherehe kuliko kazi ya kukamata wanyang'anyi na kutoza kodi vijijini. Kazi hiyo wakawaachia watu wa silaha wa mikoani. Yaliyofuata yameonekana katika inchi nyingi: yule anayepewa kazi ya kulinda mlango, siku moja anauliza juu ya nini nyumba isiwe yake. Koo mbili kubwa, Taira na Minamoto, zikagombana. Minamoto wakashinda mwaka wa 1185 katika vita vya baharini vya Dan-no-ura, na mwaka wa 1192 mkubwa wao, Minamoto no Yoritomo, akapewa cheo cha shogun, ndiyo kusema jemadari mkuu. Akaweka makao yake Kamakura, mbali na Kyoto. Mfalme akabaki na heshima yake, nguvu zikahama. Hali hiyo, pamoja na kukatikakatika, ilidumu mpaka 1868.

Silaha kubwa ya samurai wa wakati ule haikuwa upanga. Ilikuwa upinde, mtu akiwa juu ya farasi. Na ukitaka kumsifu mpiganaji ulisema anaijua njia ya upinde na farasi. Upanga wao mrefu (tusiuchanganye na panga letu la kufyekea majani) ulikuja kuitwa roho ya samurai nyuma sana, wakati wa amani, wakati hapakuwa tena na mahali pa kuutumia. Wala si kweli kwamba watu hawa walizarau bunduki. Wareno walizifikisha kwenye kisiwa cha Tanegashima mwaka wa 1543. Baada ya miaka michache mafundi wa Japani walikuwa wakizitengeneza wao wenyewe, na mwaka wa 1575, huko Nagashino, Oda Nobunaga alizitumia kwa wingi kuwavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda. Mtu wa vita anachukua chombo kinachoshinda. Mambo ya heshima ya chuma yanakuja akipata muda wa kukaa.

Huyu Nobunaga ndiye aliyemchukua Mwafrika katika utumishi wake, na wasomaji wetu hawatatusamehe tukipita bila kusema neno juu yake. Mwafrika huyo alifika Japani mwaka wa 1579 pamoja na padri Mjesuiti Alessandro Valignano, na mwaka wa 1581 alionyeshwa kwa Nobunaga, ambaye hakuamini rangi ya ngozi yake akaamuru aoshwe. Rangi haikutoka. Nobunaga akampenda, akamwita Yasuke, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Mjesuiti mmoja aliyeandika miaka mingi baadaye alisema kwamba alitoka Msumbiji. Mwaka wa 1582, mmoja wa majemadari wa Nobunaga alimgeukia bwana wake hapo Kyoto; Nobunaga akajiua, Yasuke akapigana, akakamatwa, akarudishwa kwa mapadri, na habari zake zinaishia hapo. Leo watu wanabishana sana kama alikuwa samurai kamili au mtumishi mwenye silaha. Sisi tunaona kwamba ubishi huo unasahau jambo moja: katika mwaka wa 1581 mpaka kati ya hao wawili ulikuwa bado haujachorwa vizuri.

Aliyeuchora ni Toyotomi Hideyoshi, mrithi wa Nobunaga. Mambo yake ni ya kushangaza, kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa katika jamaa ya wakulima, akapanda kwa akili yake na kwa vita mpaka akaitawala Japani yote. Alipofika juu, akaivuta ngazi. Mwaka wa 1588 alitoa amri kwamba wakulima wote watoe silaha zao: panga, mikuki, pinde, bunduki. Akawaambia kwamba chuma hicho kitatengenezwa misumari ya sanamu kubwa ya Buddha, kwa hiyo watapata baraka katika maisha haya na yale yajayo. Mwaka wa 1591 akatoa amri nyingine ya kuwakataza watu wa silaha kugeuka wakulima au wafanyabiashara, na wakulima kuacha mashamba yao. Kabla ya hapo, mkulima mwenye mkuki alikuwa mpiganaji siku ya vita na mkulima siku nyingine. Tangu hapo mtu alizaliwa samurai ao alizaliwa mkulima, basi. Tuliweke jambo hili la 1588 akilini, maana tutalirudia.

Baada ya Hideyoshi akaja Tokugawa Ieyasu, aliyeshinda huko Sekigahara mwaka wa 1600 na kuwa shogun mwaka wa 1603. Makao yake yalikuwa Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Vita kubwa za mwisho zilikuwa Osaka mwaka wa 1615 na Shimabara mwaka wa 1637 mpaka 1638. Kisha ikaja amani ya zaidi ya miaka 200. Sasa fikirini: inchi iko na tabaka zima la watu wa vita, pamoja na jamaa zao karibu watu 6 ao 7 kwa kila watu 100, na vita hakuna. Utawafanya nini?

Waligeuka makarani. Walihamishwa kutoka vijijini wakakaa karibu na ngome ya daimyo wao, yaani bwana wa eneo. Waliandika kodi, walihesabu magunia, walilinda madaraja, walisimamia mifereji na misitu. Na walilipwa kwa mchele. Kipimo chao kilikuwa koku, karibu lita 180, ambacho walihesabu kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Samurai mkubwa alikuwa na maelfu ya koku, mdogo alikuwa na makumi tu. Wazee wetu waliofanya kazi katika makampuni makubwa ya Katanga wataelewa mara moja, kwa maana hiyo njo ilikuwa posho. Lakini posho ya samurai ilikuwa na kasoro moja: ilibaki ileile, baba kwa mwana, na vitu sokoni vilipanda bei. Tena mchele ulihitaji kubadilishwa kuwa feza, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Edo, ambao walikopesha juu ya posho ya mwaka ujao, kisha ya mwaka ule mwingine. Ni kile ambacho sisi huku tunaita banque Lambert. Kwa sheria, mfanyabiashara alikuwa chini kabisa, chini hata ya mkulima. Kumbe samurai alikuwa akienda kwake na panga zake mbili kiunoni kuomba aongezewe siku. Samurai wadogo walitengeneza miavuli nyumbani, kwa siri, ili watoto wale.

Mmoja wao, Katsu Kokichi, aliandika maisha yake mwenyewe mwaka wa 1843. Alikuwa mtumishi wa moja kwa moja wa shogun, lakini hakupata kazi ya serkali maisha yake yote. Aliishi kwa kununua na kuuza panga, kwa ugomvi wa mitaani na kwa madeni. Ni kitabu cha kuchekesha na cha kuhuzunisha, na hakina hata harufu ya yale tunayoyaona katika filamu. Mtoto wake, Katsu Kaishu, ndiye aliyepatana na jeshi la mfalme mwaka wa 1868 ili ngome ya Edo itolewe bila mji kuchomwa.

Sasa, ni katika amani hii ndefu kwamba watu walianza kuandika juu ya kifo cha samurai. Yamamoto Tsunetomo alizaliwa mwaka wa 1659 katika eneo la Saga, kusini. Hakupigana vita. Kazi yake ilikuwa ya maandishi na vitabu katika jumba la bwana wake. Bwana huyo alipokufa mwaka wa 1700, Tsunetomo alitaka kumfuata kwa kujiua, kama ilivyokuwa desturi ya wengine zamani; lakini desturi hiyo ilikuwa imekatazwa, na bwana wake mwenyewe alikuwa kati ya wa kwanza kuikataza. Basi akanyoa nywele, akaenda kukaa katika kibanda mlimani. Huko kijana mmoja akawa anamtembelea na kuandika maneno yake. Kazi hiyo ikamalizika mwaka wa 1716, ikaitwa Hagakure. Fundisho lake kubwa ni kwamba samurai aishi kila siku kama mtu aliyekwisha kufa. Tuone vizuri ni nani anayesema: ni karani mzee, mwenye uchungu, aliyenyimwa kifo alichokitaka. Kitabu chenyewe kinaomba kichomwe. Hakikuchomwa, lakini karne mbili kilibaki karibu ndani ya Saga tu, kikinakiliwa kwa mkono.

Katika miaka hiyohiyo ilitokea habari ya wale 47. Mwaka wa 1701, Asano, bwana wa Ako, alimpiga kwa upanga mkubwa mmoja wa sherehe, Kira, ndani ya ngome ya shogun. Kuchomoa upanga mle kulikuwa kosa la kifo. Siku ileile akaamriwa kujipasua tumbo, na eneo lake likanyang'anywa. Watumishi wake wakabaki bila bwana na bila posho, ndio wanaoitwa ronin. Walingoja karibu miaka miwili, kisha usiku mmoja wa majira ya baridi, mwanzoni mwa 1703, wakavamia nyumba ya Kira, wakamkata kichwa na kukipeleka kwenye kaburi la bwana wao. Serkali ilikaa wiki nyingi haijui la kufanya. Walikuwa wametimiza wajibu kwa bwana, na walikuwa wamevunja sheria ya inchi, yote mawili kwa tendo moja. Mwishoni 46 kati yao waliamriwa kujiua. Wenye elimu wa wakati ule waligawanyika, na Tsunetomo mwenyewe aliwalaumu: juu ya nini kungoja? Kama Kira angekufa kwa ugonjwa, je? Lakini watu wa kawaida, wafanyabiashara na mafundi wa mijini, waliwapenda. Mwaka wa 1748 ulitungwa mchezo wa vikaragosi juu yao, Kanadehon Chushingura, na tangu hapo haujaacha kuchezwa. Kwa hiyo samurai mwaminifu tunayemjua, tumempata kutoka jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Mwisho wa tabaka hili haukutoka kwa adui wa inje peke yake. Meli za Marekani zilifika mwaka wa 1853 na kuilazimisha Japani kufungua bandari zake. Waliomwangusha shogun mwaka wa 1868 na kumrudisha mfalme mbele walikuwa samurai wa kusini na magharibi, wengi wao wa vyeo vya chini. Vita hivyo vilikuwa na mashujaa wake pande zote. Huko Aizu hata wanawake wa jamaa za samurai walipigana, na Nakano Takeko, msichana aliyepita kidogo miaka 20, aliuawa akiwaongoza wenzake. Lakini washindi, mara tu waliposhika serkali, waliona kwamba posho za tabaka lao wenyewe zilikula karibu theluthi moja ya matumizi ya serkali. Wakazikata. Mwaka wa 1871 maeneo ya madaimyo yakafutwa. Mwaka wa 1873 ikatoka sheria ya kuandikisha vijana wote jeshini, mtoto wa mkulima sawa na mtoto wa samurai. Mwaka wa 1876 wakakatazwa kutembea na panga, na posho ikageuzwa hati za deni la serkali, ukishapewa basi, umemalizana nayo. Karibu watu milioni 2, ukihesabu wake na watoto, wakaambiwa watafute kazi.

Wengi wakawa mapolisi, makarani, na walimu wa shule. (Sisi watu wa chaki tusijisifu haraka: walichukua kazi hiyo kwa sababu walijua kusoma na walikuwa na njaa.) Wengine walifungua maduka na kupoteza hati zao zote, mpaka leo Wajapani wana usemi wa biashara ya samurai, yaani biashara inayofanywa na mtu asiyejua kupunguza bei wala kumsalimu mnunuzi. Na wengine walishika silaha. Mwaka wa 1877, Saigo Takamori, aliyekuwa kati ya wakubwa waliomwangusha shogun, aliongoza uasi wa samurai wa Satsuma. Filamu ya Marekani ya 2003 ambayo imepita sana katika video zetu imetokana na habari hiyo, nayo inaonyesha watu wa upinde na upanga wakipambana na mizinga. Watu wa Saigo walikuwa na bunduki na mizinga vilevile, wakaipiga kwa miezi mpaka risasi zikawaishia. Tarehe 24 Septemba 1877, huko Kagoshima, wale wa mwisho, mia chache, waliuawa. Jeshi lililowaua lilikuwa la vijana walioandikishwa, wengi wao watoto wa wakulima.

Hapo samurai wamekwisha. Na hapo njo urithi wao unaanza kuandikwa.

Nitobe Inazo alizaliwa mwaka wa 1862 katika jamaa ya samurai huko Morioka, akasoma kilimo, akawa Mkristo, akaoa Mmarekani. Mwaka wa 1900, huko Marekani, alitoa kitabu kwa Kiingereza kiitwacho Bushido, maana yake njia ya mpiganaji. Katika dibaji anaeleza kilichomsukuma. Miaka mingi mbele alikuwa amemtembelea mtaalamu mmoja wa sheria, Mbelgiji, aitwaye de Laveleye. Mbelgiji yule alimwuliza kama ni kweli kwamba shule za Japani hazina mafundisho ya dini, na aliposikia ni kweli akashangaa: sasa mnawafundishaje watoto mema na mabaya? Nitobe hakupata jibu papo hapo. Alipotafuta ndani yake, akaona alichofundishwa utotoni nyumbani, akakipa jina la Bushido, akakilinganisha na maadili ya mashujaa wa Ulaya ili Wazungu waelewe.

Sisi tuliosoma ndani ya madawati yaliyoachwa na Wabelgiji tunalijua swali hilo. Liliulizwa hapa pia, lakini mara nyingi halikungoja jibu. Kwa hiyo tunamwelewa Nitobe, na kitabu chake ni kizuri. Lakini tuseme kilivyo. Ni kitabu cha mtu anayejitetea mbele ya mgeni. Neno bushido lilikuwapo zamani lakini lilikuwa la nadra, wala samurai wa kale hawakuwa na katiba moja ya maadili. Waliwaacha mabwana zao walioshindwa mara nyingi kuliko tunavyopenda kusikia. Kitabu kilipata wasomaji wengi zaidi baada ya Japani kuishinda Urusi mwaka wa 1905. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alinunua nakala nyingi kugawia rafiki zake. Mwaka wa 1908 kikatafsiriwa katika Kijapani, na hivyo Wajapani wakasoma juu ya roho yao katika kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya wengine.

Nitobe alitaka kuonyesha wema. Baadaye alifanya kazi Geneva katika Umoja wa Mataifa wa zamani, akafa mwaka wa 1933. Wengine walichukua neno lake wakaacha wema wake. Hagakure, kile kitabu cha karani wa Saga, kilichapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika miaka ya 1930 kikawa kitabu cha wanajeshi. Mwezi wa kwanza wa 1941, chini ya waziri wa jeshi Tojo Hideki, askari walipewa kijitabu cha maadili kilichowaambia wasiishi wakapata aibu ya kutekwa. Maofisa walitembea na panga zilizotengenezwa kwa maelfu katika viwanda. Tangu Oktoba 1944 vijana, kati yao wanafunzi wa vyuo vikuu walioondolewa darasani, waliangusha ndege zao juu ya meli za adui. Na hapa tunalirudia jambo la 1588. Wajukuu wa wakulima walionyang'anywa panga kwa kuambiwa kwamba vita si kazi yao, karne tatu na nusu baadaye waliambiwa kwamba kufa kama samurai ndiyo mila ya babu zao. Haikuwa mila ya babu zao. Babu zao walipanda mchele na kulipa kodi.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya Hiroshima. Mnara wa ngome ya Hiroshima, makao ya ukoo mkubwa wa Asano ambao yule bwana wa Ako alikuwa wa tawi lake dogo, ulianguka siku hiyo pamoja na mji. Uraniumu ya bomu lile, kwa sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Mnara tunaouona leo ulijengwa upya mwaka wa 1958.

Lakini si haki kuacha urithi huu penye majivu, maana kuna mkono mwingine ulioupokea. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka wa 1882, alitoka katika jamaa ya watengenezaji wa pombe ya mchele. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi aliongoza chuo kikuu cha kufundisha walimu mjini Tokyo. Alichukua mieleka ya zamani ya samurai, akaondoa mbinu za kuua na kuvunja, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kufanya kwa nguvu zote kisha wakarudi nyumbani wazima. Karate si ya samurai hata kidogo. Inatoka visiwa vya Okinawa, na aliyeitambulisha Tokyo mwaka wa 1922, Funakoshi Gichin, alikuwa naye mwalimu wa shule. Basi kijana wetu anapoinama mbele ya mwenzake kabla ya kuanza, anafuata mpango wa watu wa shule. Kano alijua anachoondoa, na alisema wazi kwamba anaondoa. Hapo njo tunaona tofauti yake na wale wa 1941, ambao walibadilisha mila na kuapa kwamba haikuguswa.

Tumebakiza jambo moja juu ya Saigo. Mwaka wa 1889 serkali iliyomuua ilimsamehe, na mwaka wa 1898 sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya Ueno, Tokyo. Hakuvalishwa sare ya jeshi. Amevaa nguo nyepesi ya nyumbani, ameshika mbwa wake kama mtu anayekwenda kuwinda. Picha ya kamera iliyothibitishwa kuwa yake haijapatikana. Sura yake inayojulikana ilichorwa baada ya kifo chake na Mwitalia, Edoardo Chiossone, aliyefanya kazi ya kuchora noti za Japani: sehemu ya juu ya uso aliichukua kwa mdogo wake Saigo, ya chini kwa binamu yake. Inasimuliwa kwamba siku ya kufunua sanamu, mjane wake alikuwa mbele ya watu. Kitambaa kilipoanguka, akasema mume wake hakuwa hivyo.